Kosa la Baba kwenye Uzi wa Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wapwa zangu wote watatu, hasa yule mdogo ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama wodini umepata nafuu. Nyinyi wakunga mnapokea watoto wa watu usiku na mchana, lakini hakuna anayewauliza kama nanyi mna migongo. Mimi kwa mwili sijambo. Yaliyobaki utayasoma.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Lakini kwenye simu wewe una haraka na mimi ni mwoga, na watu wawili wa namna hiyo hawawezi kuambiana jambo refu. Ningeanza, ungeniuliza swali, ningelijibu hilo swali, na lile lililonitoa jasho lingebaki kooni. Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya mchana huu kazini. Nimekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, mashine ya kusagia lenzi nimeizima, na mwenzangu wa mbele nimemwambia nina barua ya kifamilia. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uimalize.

Nianze na Baba. Anakula vizuri. Asubuhi namsaidia kuoga na kuvaa kabla sijaja kazini, na jirani wa ukuta mmoja anamtazama mpaka nirudi. Mguu anauburuta lakini anafika barazani mwenyewe. Ulimi umerudi karibu wote, na utani umerudi nao. Juzi alimwambia mtu wa mazoezi ya viungo kwamba mkono wake wa kushoto umestaafu kabla ya mwenyewe. Mkono uko vilevile ulivyouacha, umelala mapajani kama mgeni aliyepitiwa na usingizi. Mwaka umepita tangu kiharusi kile, na daktari amesema kisichorudi ndani ya mwaka tusikitegemee. Kuna kitu kingine alichopoteza ambacho hata mimi nimekijua juzi tu. Nitakifikia.

Habari ya pili ni msiba. Mzee Besi amefariki. Kifua kilimbana wiki tatu, akalazwa siku mbili, akaenda. Tulimzika Jumanne iliyopita, watu hawakuwa wengi. Najua ulivyokuwa unamwona, na najua maneno uliyomwambia. Nakusihi usiseme lolote kwanza, hata moyoni, kwa sababu kisa ulichokishika kuhusu yeye na Baba sicho, na aliyekuachia ukishike hivyo ni mimi.

Turudi nyuma kidogo. Wewe uliolewa mapema ukaondoka, kwa hiyo Jumamosi zetu za miaka ya mwisho hukuziona. Kiwanda cha nguo kilipofungwa na bendi ya wafanyakazi ikafa nacho, wanamuziki kumi na mmoja walitawanyika, wakabaki wakipiga wawili tu: Baba na gitaa lake, na Mzee Besi na lile gitaa lake la nyuzi nene lenye rangi iliyobanduka. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni kwetu, madirisha wazi, wakapiga mpaka jua lipungue ukali. Hata baada ya Mama kufariki hawakuacha. Wiki ile ya mazishi tu ndiyo walikaa bila kupiga, Mzee Besi akawa anafuta nyuzi zake kwa kitambaa mchana kutwa.

Unakumbuka Baba hakujua jina la kodi hata moja, zile noti zinazopigwa kwa pamoja. Alishonewa muziki masikioni, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Kodi ya do aliita nyumbani. Kodi ya fa, ile ambayo kidole cha kwanza kinalala juu ya nyuzi zote kama komeo, aliita kufunga mlango. Mzee Besi alizielewa lugha hizo. Ungewasikia: nenda nyumbani, haya, funga mlango, sasa rudi. Mtu akipita nje angedhani wazee wanagombania chumba.

Na unaukumbuka wimbo wa Mama, ule ambao Baba aliutunga Mama alipolazwa kwa ajili ya kukuzaa wewe. Unakumbuka na mahali penyewe, mwisho wa ubeti wa pili. Hapo Baba alifunga mlango, kisha akainua kidole cha kati peke yake, akarudi nyumbani. Kidole kimoja tu. Lakini Baba akifika hapo, Mama aliacha kufua. Wewe ulikuwa ukisema pale tumbo linashuka, kama mtu aliyedhani ngazi zimekwisha kumbe imebaki moja. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwa na neno, nilikuwa najificha nyuma ya mlango ili machozi yasionekane.

Miaka miwili na nusu iliyopita, nikiwa na miaka thelathini na sita, nilinunua gitaa langu. Kichwa cha mtu mzima na vidole vya mtu mzima ni vigumu, dada. Nilimwomba Baba anifundishe, naye alifurahi kuliko alivyoonyesha, lakini ufundishaji wake ulikuwa neno moja: sikiliza. Nikimuuliza kwa nini baada ya kodi hii inakuja ile, ananijibu sikiliza. Nikimuuliza nitajuaje kama nimekosea, ananiambia utasikia. Unanijua. Mimi kazi yangu ni lenzi. Ikipinda nusu digrii, mteja anaumwa kichwa na miwani inarudi. Siwezi kukata lenzi kwa kuambiwa utasikia.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Noti. Hilo ndilo jina wanalomwita, mama mmoja mstaafu aliyefundisha kwaya za shule miaka thelathini, anapangisha chumba ghorofani juu ya duka la rangi. Chumba kinanuka tapentaini. Ana kinanda chenye vibonye viwili vilivyokufa, ubao mweusi, na rula anayoigonga mezani ukichelewa. Siku ya kwanza alinitaka nishike uzi mmoja tu wa gitaa, nipande nao. Akanieleza kwamba kutoka chuma kimoja cha shingo ya gitaa mpaka kinachofuata ni nusu hatua, na ukiruka kimoja ni hatua nzima. Akanifundisha wimbo wa kukariri: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Nikapanda hivyo, na do-re-mi ikatoka yenyewe kwenye uzi mmoja, hata nikadhani gitaa limenizidi akili. Hiyo ndiyo skeli, akasema, ndiyo familia. Noti saba za nyumba moja.

Wiki zilizofuata akanifundisha kodi zinavyojengwa. Okota noti, ruka moja, okota, ruka moja, okota. Do, mi, sol: hiyo kodi ya do. Fa, la, do: hiyo kodi ya fa. Basi ndiyo hivyo tu? Ndiyo hivyo tu. Dada, kuna wateja wanaovaa miwani mara ya kwanza wakiwa watu wazima, wakitoka mlangoni wanasimama barabarani wakitazama mti, kwa sababu hawakujua kwamba majani yanaonekana moja moja. Nilikuwa hivyo. Nilitembea mjini nikihesabu kodi za kila wimbo uliotoka madukani. Nilimweleza Baba kwamba kodi zina sheria, akacheka, akasema kodi yenye sheria anayoijua yeye ni ile ya kichwa, na hiyo nayo alikuwa akiikimbia.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimejifunza kitu kizuri. Lakini mwenye elimu ya wiki sita ni hatari kuliko asiye nayo kabisa.

Wakati huo wale wazee waliosalia wa bendi walikuwa wanajiandaa kwa ile hafla ya ukumbusho wa kiwanda. Ulinitumia fulana ya Baba ya siku hiyo. Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wenyewe, Jumamosi mchana, wakaja wazee watano, na watu wa kamati wakiwa wanapanga viti. Baba ndiye aliyepewa kufungua, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Mama. Akaupiga. Akafika mwisho wa ubeti wa pili, akafunga mlango, akainua kidole cha kati. Nami nilikuwa nimekaa mbele yake, nimeshika daftari langu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikusikia chochote. Nilihesabu. Kidole kile kikiinuka, noti ya uzi wa tatu, ambayo ilikuwa la, inashuka nusu hatua. Na hiyo iliyoshuka haimo kwenye zile noti saba.

Sikungoja afike mwisho. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Nikasimama, nikawaonyesha daftari, duara saba nilizochora kwa bikari, nikawaambia wazee wale mbele ya watu wa kamati kwamba hapa pana noti isiyo ya familia, kwamba kodi sahihi ni fa kamili, kidole kibaki chini. Nilieleza vizuri sana, dada. Nilikuwa na furaha. Nilidhani nampa Baba zawadi.

Baba alikitazama kidole chake. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nakosea?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Baba. Lakini si kosa lako, hukufundishwa."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, sikupunguza. Hujui, au pengine unajua kuliko mimi, kwamba Baba alitolewa shule akiwa darasa la tatu ili wadogo zake wasome, na kwamba hakuna siku aliyoacha kuona haya mbele ya mtu aliyeshika kalamu. Pale kiwandani alitengeneza mashine ambazo ziliwashinda mainjinia, lakini wakija na karatasi zao alisimama kando. Jambo pekee ambalo hakuhitaji ruhusa ya mtu lilikuwa ni gitaa. Mimi mwanawe ndiye niliyemletea karatasi huko nako.

Siku ya hafla aliupiga kama nilivyomwelekeza. Kidole kilibaki chini. Wimbo ulipita pale mahali kama mtu anavyopita nyumba asiyomjua mwenyewe. Hakuna aliyenyamaza, hakuna aliyegeuka. Meza ya nyuma waliendelea kuulizana habari. Watu walipiga makofi ya heshima. Baba aliinama, akashuka, akalifuta gitaa, akalilaza kwenye mfuko wake. Hakulipiga tena.

Jumamosi iliyofuata Mzee Besi alikuja kama kawaida, akakuta gitaa limepandishwa juu ya kabati. Hapo ndipo yalipotokea yale makelele ambayo jirani alikupigia simu kukuambia. Ni kweli alipiga kelele. Alimwambia Baba alishushe, alimwambia asikubali kufundishwa wimbo wa mkewe na mtu aliyekuwa hajazaliwa ulipotungwa. Baba akamjibu kwamba mtoto amesoma, na yeye hakusoma, na kwamba anaona aibu kwa sauti zote alizowahi kuwasikilizisha watu. Mzee Besi akanigeukia mimi. Hakupiga kelele kwangu. Aliniambia tu nikaangalie kwenye daftari langu kama kuna duara ya mtu aliyefiwa.

Wewe uliambiwa kwamba Mzee Besi amekuja kumtukana Baba ndani ya nyumba yake, na kwamba tangu hapo Baba hagusi gitaa. Ulinipigia ukaniuliza ni kweli? Na mimi, dada, nilikujibu kwamba wale wana mambo yao ya zamani. Maneno sita. Hayakuwa hata uongo kamili, ndiyo maana yalinitoka kirahisi. Ukampigia Mzee Besi, ukamwambia asikanyage tena pale nyumbani. Sijui ulimwambia nini kingine. Najua kwamba hakujitetea, kwa sababu kesho yake nilimkuta njiani kwenye kituo cha mafuta, nikataka kujifanya sikumwona, akanisimamisha.

"Dada yako sitamwambia," akasema. "Utamwambia mwenyewe, siku utakayokuwa mtu mzima."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba.

Kama hayo ndiyo yangekuwa yote, ningeweza kujitetea kidogo. Ningesema sikujua. Mtu asiyejua husamehewa, au angalau huonewa huruma. Lakini kuna sehemu hakuna anayeijua, si Baba wakati ule, si Mzee Besi, na ndiyo iliyonifanya nizime mashine leo.

Miezi mitano baada ya hafla, Mwalimu Noti alifika somo ambalo alisema wengi huwa hawafiki kwa sababu wanachoka njiani. Alisema sasa tumeijua nyumba, tutazungumza juu ya jirani. Akaniandikia skeli mbili ubaoni, zote zinaanzia do moja: ile ya furaha, na ile ya huzuni. Akasema watunzi tangu zamani wakiwa ndani ya furaha huvuka ua wakaazima kodi moja kutoka kwenye huzuni, wakairudisha kabla jua halijazama. Akakaa kwenye kinanda. Akapiga kodi ya fa. Akashusha noti ya kati nusu hatua. Akarudi do.

Tumbo langu lilishuka, dada. Pale pale, vilevile.

Alinionyesha kwa rula: la, halafu ile iliyoshuka, halafu sol. Sauti moja inashuka nusu hatua, nusu hatua, mpaka inatua nyumbani. Kwenye gitaa yote yako juu ya uzi wa tatu. Akasema hilo si kosa, hilo ni moja ya mambo mazuri kuliko yote ambayo mwanadamu ameyagundua kwenye kodi, na mtu akiligundua mwenyewe kwa sikio bila kufundishwa, huyo amepewa. Hakujua anamzungumzia nani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akanitazama juu ya miwani yake, ambayo nilimkatia mimi, akaniambia hakujua kwamba nilikuwa nimeanza kuhukumu.

Sasa sikiliza. Nilirudi nyumbani jioni ile, nikamkuta Baba amekaa barazani anachambua redio mbovu. Ilinipasa kusema sentensi moja tu. Baba, ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Mtoto wa miaka minne anaweza kuisema. Nilikaa karibu naye. Nikamwambia betri ndizo zimekwisha.

Nilijiambia nitamwambia Jumamosi, Mzee Besi akiwepo, ili iwe sherehe. Lakini Mzee Besi alikuwa amekatazwa kuja, na kumwita kungenilazimu nikuambie wewe kwanza kwa nini. Nikajiambia ninunue nyuzi mpya kwanza. Nikazinunua, zikakaa kwenye droo. Nikajiambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba nilishazoea kuwa mtu aliyesoma katika nyumba ile. Baba alikuwa ameanza kuniuliza mambo. Alikuwa ananiita fundi. Sikutaka kushuka.

Siku ishirini na mbili, dada. Nimezihesabu kwenye kalenda ya kazini. Siku ya ishirini na tatu ilikuwa Alhamisi, alikuwa ananyoa ndevu asubuhi, nikasikia kioo kinadondoka bafuni.

Yaliyofuata uliyaona. Ulikuja ukakaa siku kumi. Utakumbuka mchana ule pale korido ya hospitali, Mzee Besi alipokuja amevaa koti lake, ameshika kofia mkononi, na wewe ukamzuia mlangoni ukamwambia kwamba aliyemvunja moyo baba yako hawezi kuja kumwangalia amelala. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi, kwa muda mrefu, akinipa nafasi. Nikakaza kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Akavaa kofia yake, akashuka ngazi. Hawakuonana tena, yeye na Baba, na walipigiana muziki miaka arobaini na moja.

Nilikwenda kwake mara moja tu, tayari ameshakufa. Baada ya mazishi nilimwomba mjane wake faragha, tukasimama nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, nikamweleza kila kitu nilichokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kumbe alikuwa anayajua yote, mumewe alimweleza siku ileile. Nikamwomba msamaha kwa niaba yangu, na kwa niaba yako pia, kwa kuwa uliingizwa bila kujua.

Akaniambia, "Ungekuja akiwa hai." Hakulisema kwa hasira. Akaingia ndani kuhudumia wageni, na mimi nikabaki na tangi.

Usiku ule sikulala, na Jumatano sikuja kazini. Mchana nilimketisha Baba barazani, nikachukua gitaa lake juu ya kabati, nikaweka zile nyuzi mpya, nikakaa mbele yake. Nikamweleza. Nilimweleza kwa lugha yake: nyumbani, kufunga mlango, jirani wa huzuni. Nikamwambia Mzee Besi amefariki, maana hilo nalo lilikuwa bado. Akauliza kama alizikwa na koti lake. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa.

Kisha nikampigia lile pale. Mimi si mpigaji, lakini hapo nimepafanyia mazoezi mwaka mzima, napapiga vizuri. Fa, kidole cha kati kikainuka, do. Nikarudia. Nikampigia na ile niliyomlazimisha, ili asikie tofauti.

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto anayemweleza ndoto. Akaniambia kwamba tangu aanguke hasikii muziki. Masikio ni mazima, anasikia kuku wa jirani, anasikia maji, maneno yangu anayasikia yote. Lakini gitaa, redio, mtu akiimba, kwake ni kama sufuria zinaanguka jikoni. Hakutaka kutuambia kwa sababu tulikuwa tayari na mengi. Nilikwenda kwa daktari, naye akasema ndiyo, upande ule wa ubongo ukiumia hutokea, na kwa umri wake hawezi kutuahidi kitu.

Nikamshika ule mkono mzima. Nikamwambia Baba, hata kama husikii, amini, wewe ndiye uliyekuwa sahihi tangu mwanzo.

Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Ukisema nilikosea, nilikosea. Ukisema nilipatia, basi nilipatia."

Akaomba maji ya kunywa.

Hicho ndicho kisa, dada. Aliyeyatunza masikio yale miaka sabini ni yeye, lakini neno langu ndilo lililobaki humo, na hana tena pa kulipimia. Ningeweza kumwambia lolote leo naye angekubali. Sijui msamaha wa mtu kama huyo unaombwaje. Nimeomba, naye ananijibu kwamba hakuna kosa, na ananijibu hivyo kama anavyomjibu mtu wa mazoezi anapomuuliza kama anaumia.

Sikuandikii ili unifariji. Wala usimpigie mjane, hataki simu zetu. Aliniomba tu nikufikishie kwamba mumewe hakuwahi kukutaja kwa ubaya. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa muda wote utakaohitaji, lakini Jumapili uendelee kupiga, uombe kuongea na Baba mwenyewe, usipitie kwangu. Anapenda kusikia sauti za wapwa zangu. Maneno bado ni maneno kwake. Waambie wamsimulie mambo ya shule, ila wasimwimbie.

Nisalimie shemeji, mwambie miwani yake iko tayari na nitaituma pamoja na dawa ya mgongo wako. Wabusu watoto. Jirani anakusalimu. Baba anasema uzima upo, na kwamba usisimame sana.

Mimi mdogo wako, niliyekuachia umchukie mtu asiye na hatia,

Fundi Lenzi